Baba Yenu Hakuuawa na Sindano

Ingieni wanangu wote, mkae. Ndeshi, niongezee mto mgongoni, na wewe shemeji Sifaeli sogeza kiti, maana ninayosema leo sina pumzi ya kuyarudia.

Migomba ya upande wa mto ni ya Ndeshi. Ng'ombe mweusi ni wa Sifaeli. Naona mnatazamana, kwa kuwa baada ya kifo cha baba yenu huyu mdogo wake alikaa mwaka mzima bila kukanyaga ua huu. Basi sikilizeni mjue.

Wakati wa korona mimi ndiye niliyempeleka baba yenu Usa River kuchanjwa. Alivaa suti ya harusi kana kwamba anakwenda kumposa nesi, na alipoambiwa atoe mkono akavua koti, kizibao na shati, foleni nzima ikacheka. Siku ya tatu alianguka shambani, akafa. Sifaeli akaniambia mbele ya ukoo, "Umemuua kaka yangu." Hata mimi niliogopa kwamba ni kweli. Nikakataa azikwe kabla hajachunguzwa, ukoo ukanuna. Daktari hakutuficha: chanjo huweza kuwadhuru watu wachache sana, ndiyo maana vifo vya namna hiyo huchunguzwa, lakini baba yenu Eliud mshipa wake wa moyo ulikuwa umeanza kuziba tangu miaka mingi. Sifaeli akaondoka daktari angali anasema.

Mwaka uliofuata akasimama mlangoni na ndoo ya loshoro, ule uji wetu wa mahindi na maziwa ya mgando. Akasema, "Shemeji, aliniambia kifua kinambana tangu Pasaka, akanikataza nisikwambie. Nilikutwika wewe kosa kwa sababu mimi lilinishinda kulibeba."

Nililia, kisha tukala loshoro yote, naye ndiye aliyekula zaidi. Inua uso, shemeji. Nilikusamehe hata ndoo haijafika nusu.

Basi shikeni haya. Jumatatu mtoto wa Ndeshi apelekwe kliniki kuchanjwa surua, Sifaeli ambebe. Mwulizeni nesi kila linalowatia hofu, na anayeuliza msimcheke. Mtoto akizidiwa na homa, mrudisheni upesi. Na anayeumwa kifua aseme, hata akiwa mwanamume.

Sauti inaniishia... niegemezeni. Mungu awape maziwa mengi na nyumba yenye kelele. Mazishini mniimbie kwa furaha, ila Sifaeli asianzishe wimbo, hupandisha sauti mno... Msicheke, nachoka. Haya, leteni mikono. Wote. Na wako, shemeji.