Vyungu Hivi Visichomwe

Sogeeni, wanangu, mkae chini mahali ninapoweza kuwaona bila kugeuza shingo, maana shingo nayo imegoma, na wewe mkubwa, fundi magari wangu, toka hapo mlangoni, unaniziba hata ile hewa kidogo niliyobakiwa nayo. Chumba hiki mnakijua. Dirisha lilizibwa na rafu ya vyungu kabla hamjazaliwa, ukuta wa nyuma ndio ukuta wa tanuru, na tangu nianguke kitandani kazi yangu ni kutazama vyungu vya mdogo wenu vikikauka juu ya rafu, vikisubiri moto.

Najua mmekuja kusikia nini. Ninaumwa mwili, masikio siumwi, na minong'ono yenu ya ukumbini imenifikia yote. Mnataka niseme mbele ya mdogo wenu kwamba asiiache kazi hii ya kufinyanga, kwa sababu neno la anayekufa hakuna wa kulibishia. Wewe mkubwa una gereji yako, wewe dada mtu una duka lako la vitambaa, wote wawili mliukimbia udongo mapema na sikuwashika shati, na sasa mnaona haya tanuru lizimike, basi macho yenu yameangukia kwake, huyu Kidole. Ana mkono, mnasema. Ni kweli anao. Tangu anatambaa alikuwa akichomeka kidole kwenye kila chungu kibichi, ndiyo maana tukamwita hivyo, na hata alama zake zilikuwa nzuri kuliko mapambo yangu. Lakini kumuuliza hamkumuuliza. Mimi nimemuuliza. Yule fundi umeme wa mtaa wa nyuma amekubali kumfundisha kazi, keshokutwa wanaondoka na wenzake kwenda kutandaza nyaya kwenye majengo mapya, na mdogo wenu amemjibu kwamba hawezi, kaka na dada wameshasema. Aliniambia hayo huku ananipangusa uso. Hakulia, na hilo ndilo lililoniuma.

Mama mkwe wangu alilala kitanda hiki hiki. Baba yenu alikuwa amepata kazi ya reli, mizigo yetu imefungwa, mimi nimekaa hapo alipokaa dada yenu, na yule mama akanishika mkono akaniambia tanuru langu ulitunze wewe. Nikaitikia. Ungefanyaje? Mizigo ikafunguliwa, mzigo wangu ukabaki na wa baba yenu ukaenda. Baba yenu akawa anakuja likizo kama mgeni, ananiachia watoto na habari za miji, mpaka likizo zenyewe zikakoma. Msinionee huruma kupita kiasi, nimefinyanga mitungi ambayo watu walikuwa wakiisifu hata kabla ya kunisalimia. Lakini kila nilipopita mlangoni nilihisi ule mkono wa mama mkwe umenishika, na hata leo sijaachiwa.

Basi tugawane vilivyopo. Nyumba ni ya watatu, na asiuze mmoja wakati mwenzake hana pa kulala. Gurudumu la kuzungushia vyungu achukue mkubwa, lina chuma kizuri, najua utaligeuza kitu kingine na roho yangu haitakufuata. Jiwe la kusugulia ni la dada mtu, limelainishwa na viganja vya wanawake wengi, liweke dukani lizuie vitambaa visipeperuke. Yule mshonaji jirani tuliyenuniana naye kwa ajili ya moshi wangu na nguo zake, mpelekeeni mtungi wangu ule mkubwa, mumwambie nimeshindwa mimi, atafurahi sana.

Na kazi yenyewe nawaachia wote, kwa maneno, asije mtu akasema imebaki kichwani mwa mmoja na mwenye kichwa hicho afungwe kamba. Mkubwa, kuna donge ndani ya lile gunia bichi, litoe ulikande. Ndiyo, na hilo shati lako. Sukuma kwa kitako cha kiganja, likunje, ligeuze, sukuma tena. Usilikunje kama chapati, unafungia hewa ndani. Likate kwa uzi ulitazame tumbo: ukiona vitundu, bado. Hewa na maji vikibaki ndani, moto ukija vinatafuta pa kutokea, na vikikosa vinakipasua chungu, na vipande vinaruka kuvunja vyungu wenzake. Udongo ukiwa mnene mno mchanganyie unga wa vigae vilivyosagwa, ndio unaouwezesha kustahimili moto. Unaona ulivyoanza kuhema? Mdogo wako anakanda hivyo kabla ya kunywa chai.

Dada mtu, wewe viringisha kamba za udongo, unene wa kidole gumba, uzizungushe juu ya kitako cha chungu moja baada ya nyingine. Pa kuungia pakwaruze pande zote mbili, upake uji wa udongo, ndipo ubane. Ukibandika pakavu kwa pakavu patashika leo na kuachia kesho. Kisha chungu kikae kivulini. Kikifika pale ambapo kidole hakizami lakini ukucha unaacha alama, hapo ndipo unapokwangua na kusugua, kabla ya hapo kinabonyea, baada ya hapo kinakatika. Kikikauka kabisa, kiweke shavuni: kama bado kina ubaridi, kina maji, kisiingie tanuruni. Moto wa kwanza uwe mdogo, wa kukipasha tu. Haraka ya moto imenivunjia vyungu vingi kuliko watoto wenu wote.

Nipeni maji kidogo. Kidogo tu.

Hivi vya rafuni vimekauka. Jana nilimwomba mdogo wenu aniwekee kimoja shavuni, hakina ubaridi hata chembe. Mnangoja nife mviwashie moto, vyungu vya mwisho vya tanuru la mama, mwaite watu. Visichomwe. Kikishachomwa hakirudi tena, lakini kikavu kisichoona moto ukikizamisha majini kinalegea kinakuwa udongo ule ule. Leteni lile beseni la kufulia. Mkubwa, wewe ndiye uliyesema neno la kwanza kule ukumbini, basi wewe ndiye utakayeviteremsha.

Usinitazame hivyo, Kidole. Mimi nataka ubaki. Nataka kupita maelezo, nikufikirie umekaa pale kwenye kigoda changu, na moshi ule ule ukitoka. Ndiyo maana nataka viingie majini sasa, mbele ya macho yangu, kabla sijakushika mkono. Msiniletee mkono wake karibu.

Kitie. Pole pole... ndiyo.

Nyamazeni msikie. Hiyo sauti, kama kitu kinachochemka bila moto, ni hewa inatoka. Kinalegea ubavuni kwanza. Kingine, mwanangu. Na kile kikubwa. Najua ni kizuri, nimekitazama siku zote hizi... kitie hicho hicho.

Mkinizika, tanuru mlibomoe kuanzia upande wa dirisha. Matofali yatafaa gereji. Udongo wa beseni urudisheni bondeni kwenye shimo letu la kuchimbia udongo, achimbe yeyote anayetaka, ila asichimbe kwa kuingia chini ya ukingo, ukingo unaanguka. Dada mtu, mfungie mdogo wako mzigo wake. Ufunge wewe, kwa mikono yako, na usije ukaufungua.

Mungu awaweke. Awape... awape kupendana bila kushikana. Mkubwa, umejichafua vizuri leo, mwanangu, nimefurahi.

Rafu imebaki tupu? Sioni vizuri. Kuna mwanga hapo, au ni macho yangu... ni dirisha. Lilikuwa hapo muda wote.

Kidole, nenda. Usije kuniaga kitandani. Niage hapo hapo mlangoni, nitakusikia.