Hoja Iko Ukurasa wa Sita

Benchi lililo nje ya geti la chuo, hapa Suva, mji wa visiwani, lina wenyewe. Yupo Digrii, dereva wa teksi aliyeacha chuo mwaka wa kwanza na bado anakizungumzia kana kwamba amekijenga yeye, na Mama Mizani, muuza kava, kile kinywaji cha mizizi, mwenye bakuli. Jana Vasiti, mwanafunzi wa chuo, aliketi kati yao kwa hasira, insha mkononi. Thelathini na nane kwa mia! Akifeli somo hili anarudia mwaka, na mwisho wa kukata rufaa ni jioni ile ile.

Mama Mizani akamjazia kifuu. Vasiti akapiga kofi moja, kama ada ya kava, akanywa.

— Wanapima uzito, mwanangu, alisema Mama Mizani. Karatasi nyepesi, maksi nyepesi.

— Muongo huyu! alidakia Digrii. Wanaangalia kwenu. Ukitoka kisiwa cha mbali unakatwa maksi za nauli, wanapewa watoto wa mjini. Zangu mimi zimempa mtu digrii nzima!

Vasiti hakucheka.

— Mwalimu ameniandikia, "Hoja iko wapi?" Ukurasa wa kwanza! Swali linahusu kijiji kuhamishwa na bahari, nami nikaandika chetu. Ukurasa wa kwanza nimesalimu, nikawaomba radhi wenye ardhi. Nianze kubwata kabla ya kuomba ruhusa? Sina kwetu mimi?

— Hata posa haianzi na mahari! Mama Mizani akapiga paja.

— Adabu haina maksi, alisema Digrii. Siku hizi kuna mashine ya kusahihisha, inanusa wino.

Abiria mmoja mwenye fungu la samaki, aliyekuwa akisubiri basi, akasogea. Akapewa kifuu, akanywa taratibu.

— Samahani kwa kuingilia. Nani kati yenu ameisoma mpaka mwisho?

Digrii akatazama viatu vyake. Mama Mizani akachungulia bakuli, lilikuwa tupu.

Vasiti akafunua kurasa. Kalamu nyekundu ya mwalimu ilikuwa imeishia ukurasa wa pili. Makaburi ambayo kijiji chao kiliyaacha majini, la babu yake likiwamo, yalikuwa ukurasa wa sita, pale mtu mwenye heshima zake anapofikia neno lake. Roho ikamuuma. Akasimama.

— Unakwenda kumlilia mwalimu? aliuliza Digrii.

— Nakwenda kumsomea. Yote, mpaka makaburi. Akinikatiza, naanza upya, toka kwenye salamu.