Kila Mwezi Tangu Februari

Mimi ni Naimo, nauza kahawa ya tangawizi nje ya soko la mifugo hapa Garissa, na benchi ni langu, ingawa wanaolikalia wanadhani ni la serikali. Leo asubuhi Rage, dalali wa ngamia, alikuja na karatasi ya benki, uso umekunjamana. Tunamwita Benki, maana kijiwe kizima ni yeye tu mwenye kadi. Kuna jina lisiloeleweka limemkata shilingi elfu moja mia mbili hamsini, kila mwezi, tangu Februari.

— Soma hapa, Hakimu, alimwambia Murithi, karani wa kaunti kutoka Meru. Herufi nane na nyota katikati. Mimi nimenunua nyota?

— Hiyo ni kodi mpya, mzee. Wanakata kimyakimya.

— Kodi gani? akadakia Mustafe wa tuk-tuk, tunayemwita Rada kwa sababu hapitwi na kitu. Hiyo ni riba!

— Walaahi akaunti yangu haina riba! Nilihakikisha kabla ya kusaini.

— Basi ni setilaiti, akasema Mustafe. Simu ikifika Liboi kule mpakani inapigwa picha kutoka juu, halafu mwenye simu anailipia hiyo picha.

— Na ngamia je? Rage akauliza.

— Ngamia ndio hizo hamsini za juu!

Astaghfirullah, na hawajamaliza hata kikombe cha kwanza.

— Nyamazeni, Rage akasema. Mwizi namjua. Ni binti yangu Ifrah, ndiye anayejua mambo ya mitandao. Jana nimemwambia chuo hakuna mpaka aseme ukweli. Amelia, ameapa, amehamia kwa shangazi yake.

Roho iliniuma. Ifrah namjua tangu anabebwa mgongoni. Lakini wanaume wakatikisa vichwa, eti vijana wa siku hizi.

Mwalimu Zilpah alikuwa amekuja kujaza chupa yake. Akaomba karatasi, akaisoma akiwa amesimama.

— Hii ni programu ya simu, ya kutengeneza PDF. Unaweka namba ya kadi, unapewa siku saba za bure. Usipojiondoa, inakata kila mwezi. Mzee Rage, Februari kadi alikuwa nayo nani?

Murithi akaanza kupuliza kahawa iliyokwishapoa.

— Yale makaratasi yangu ya kupandishwa cheo, akasema mwishowe. Yalitakiwa PDF. Lakini waliandika bure!

— Mimi nililipia kutazama mpira tu, akasema Mustafe, na hakuna aliyemuuliza.

Na mimi niliichukua kadi hiyo Machi, kwa masomo ya mpwa wangu. Nikasema pia, ningefanyaje? Hapa kadi ya Rage huombwa kama kiberiti.

— Na Ifrah? Mwalimu akauliza.

— Ifrah hajawahi kuigusa, Rage akasema polepole. Nilimkataza.

— Si umpigie sasa.

— Simu yake nilimnyang'anya. Ninayo hapa.

— Basi nani anaenda kumwambia?

Watu waliokuwa na majibu ya setilaiti, wote wakatazama chini. Rage akainuka, akashika njia kwa miguu. Murithi akamfuata nyuma, na kikombe changu mkononi.