Daraja Ambalo Mama Tabitha Hakulivuka

Mchungaji, wazee wa ukoo, majirani wa Kirimani na wa Ng'ambo, na ninyi mlioacha magari kule mtoni mkavuka kwa magogo na viatu mkononi, shikamooni na poleni. Mimi ni Anneth, mtoto wa kwanza wa marehemu, ukoo umenituma niwasomee maisha ya mama yetu, na mchungaji ameniomba nisome kwa upole, nami nimemjibu kwamba nitajitahidi ila siahidi.

Mama yetu Tabitha Aikaeli alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957 huko Ng'ambo, upande wa pili wa mto huu, akiwa mtoto wa mzee Aikaeli, mkulima wa kahawa na migomba, akabatizwa katika usharika wa Kilutheri wa hukohuko, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, na alitamani sana kuendelea, lakini ada ilitosha mtoto mmoja, akasomeshwa kaka yake. Jambo hilo lilimuuma mpaka uzeeni.

Tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa na baba yetu, marehemu Eliud, akavuka mto kuja hapa Kirimani, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Eliya na Nancy. Kazi yake ilikuwa shamba hili, ng'ombe wake, na ndizi alizoshuka nazo kila Jumatano kuuza sokoni Ngarenaro, na kwa miaka mingi aliongoza umoja wa wanawake wa usharika wetu.

Mdogo wake, mama mdogo Ruth, aliolewa kulekule Ng'ambo, hivyo ndugu hawa wawili walilima udongo mmoja chini ya Meru moja, mvua iliyonyesha kwa huyu ilinyesha kwa yule, hata kahawa yao ilikwenda mnada mmoja. Mwaka 2010 kata ya Ng'ambo ilichagua chama kimoja, sisi tukachagua kingine, na tangu hapo mama akawa na kazi ya kulinganisha. Kila akirudi kutoka kwa Ruth alituelezea umeme, bomba uani, lami mpaka kanisani na zahanati yenye bati jekundu, halafu anageuka kututazama sisi na kibatari chetu, ndoo kichwani, na wajukuu wanaokosa shule mto ukijaa. Hakumwonea wivu mdogo wake hata kidogo. Alisema kodi iliyomo kwenye sukari haimuulizi mtu alimpigia nani kura, basi na daraja lisiulize.

Diwani tuliyemchagua mwaka ule ni mheshimiwa Abdiel Koikai, na ninamtaja kwa sababu yupo, ameketi mstari wa mbele. Mama ndiye aliyemwombea kura kwa wanawake wa usharika, nyumba kwa nyumba, akampikia, akamwandalia mikutano katika migomba hii, wote wakiahidiwa daraja. Mwaka 2018 mheshimiwa akahamia chama cha Ng'ambo, akatuambia anafuata maendeleo yetu, akaweka jiwe la msingi pale mtoni kwa ngoma na kwaya, kisha akajenga Sekei kule mjini, akahamishia familia yake kwenye maji na lami, na jiwe likabaki jiwe. Wanawake wakamgeukia mama, wakamwita dalali wa kura, wengine wakaacha kumsalimu, na mwaka 2019 akaachia uongozi wa umoja. Shukrani ya punda ni mateke. Leo nawaambia, wanawake wa Kirimani, mama hakuwauza, aliuzwa pamoja nanyi, na aliyeuza mnamwona.

Shinikizo la damu lilimwanza mwaka 2021. Asubuhi ya tarehe 11 Aprili 2025, mvua zikiwa zimeshika, alipata kiharusi akikamua ng'ombe. Zahanati ya Ng'ambo inaonekana kutoka mlango wa jiko lake, bati lake lile pale, lakini mto ulikuwa umesomba magogo, Eliya na majirani wakambeba kwa kitanda kuzunguka hadi barabara ya chini, wakafika zahanati mchana, na mama hakusema tena. Daktari alituambia kwa masikitiko kwamba angewahi, huenda angepona. Alihamishiwa hospitali mjini, akafariki tarehe 17 Aprili 2025, saa nne asubuhi.

Juzi mheshimiwa alituma wazee walete jani la isale kutuomba msamaha, na sote hapa tunajua isale halikataliwi. Lakini isale hupelekwa kwa aliyekosewa, akiwa na mkono wa kulipokea, na mama alilingoja miaka saba, kila mbwa akibweka alichungulia njiani. Tumelirudisha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, wahudumu wa Ng'ambo waliompokea bila kumuuliza ametoka kata gani, mama mdogo Ruth, majirani waliombeba, mchungaji, na wafanyakazi wenzangu waliotoka mjini. Ratiba inaonyesha salamu za viongozi, familia imeziondoa. Mheshimiwa, nimeona hotuba uliyoandaa, lakini kipaza sauti hiki kikitoka mkononi mwangu kinakwenda kwa mchungaji, nawe utakaa kimya mbele ya watu uliowaomba kura, mpaka kaburi lifukiwe.

Mama, pumzika kwa amani, hasira yako tuachie sisi.