Wa Pili Kutoka Kulia: Maisha ya Hilario Alois Haule

Baba Paroko, ndugu na majirani mliotoka Njombe, Makambako na Ludewa, familia imenituma mimi Ronald, mdogo wake, niwasomee maisha ya kaka yetu Hilario, mtu ambaye hata karatasi hii angeomba arudishiwe kidogo airekebishe.

Hilario alizaliwa tarehe 14 Agosti 1986 huko Manda, wilayani Ludewa, mtoto wa kwanza wa mzee Alois na mama Dorosela, mwaka 1991 familia ikahamia Kitandililo, akasoma hapo shule ya msingi, kisha sekondari ya misheni karibu na Njombe, akamaliza kidato cha nne mwaka 2004, akiwa ameitwa na mkuu wa shule mara mbili, kwanza aadhibiwe kwa kuchora ukuta wa bweni, kisha aombwe achore na bwalo.

Alianza kwa kuandika vibao vya maduka kwa brashi, mwaka 2009 akasomea usanifu wa picha kwa kompyuta mjini Iringa, na Machi 2012 akafungua kibanda chake karibu na stendi ya Makambako, akitengeneza mabango, kadi na fulana bila kuajiriwa na mtu, na wateja wake mnajua hakuwa na utulivu, kwani ukimpa kazi asubuhi, mchana anakupigia kwamba ameibadilisha, jioni amekufuata nyumbani, tena alipanda gari hadi Njombe na bango kwapani ili alitazame kwenye ukungu, maana rangi inayong'aa Makambako ikifika Njombe inazimika.

Tarehe 29 Juni 2013 alifunga ndoa na Matilda Mligo, wakajaliwa watoto wawili, Jane na Elius, na wengi wenu mlialikwa harusini kwa mdomo, kwa sababu bwana harusi hakuridhika na kadi mpaka siku zikaisha.

Mei 2017 lilitokea jambo ambalo mwenyewe alitaka lisomwe leo. Familia moja ya Kitandililo ilimletea picha ya kundi, wakamwambia marehemu wao Angela ni wa pili kutoka kulia, naye, kwa kupenda uso utazame upande wa maandishi, akaigeuza picha kwanza, kulia kukawa kushoto, ndipo akahesabu kutoka kulia, na siku ya mazishi Consolata, mdogo wa marehemu, akaiona sura yake mwenyewe juu ya jeneza la dada yake. Kaka aliomba radhi, akarudi tena na wazee, Consolata akajibu tu, "Nimesikia," na hakumsalimia tena. Kosa lile lilimtafuna. Tangu hapo hakugusa picha ya marehemu bila kwenda kukaa na wafiwa, awaulize alichekaje, alifungaje kilemba, na kabla ya kuchapisha aliishika picha mbele ya ndugu na kuuliza, "Ndiye?", na wapo waliomwona msumbufu.

Agosti 2024 alianza kuugua figo. Januari mwaka huu wa 2025 Consolata alifika nyumbani bila taarifa, ameshika ile picha ya kundi, akasema, "Kaka Hilario, dada yangu hajapata picha yake mpaka leo. Nitengenezee." Kaka akaukuza uso wa Angela na kuuchora upya kitandani, kompyuta juu ya mto, akihofia nguvu zisimwishie njiani, Consolata pembeni akikataa, kidevu sicho, macho siyo, mara saba, na ya nane akafuta machozi, akasema, "Ndiye." Tulifurahi mno. Kaka alilala mchana ule wote, jambo ambalo Matilda hakuwahi kuliona.

Alifariki Jumapili tarehe 9 Februari, saa nane mchana, akiwa na miaka thelathini na minane.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kitandililo mliotupikia na kulala nasi, mafundi wenzake wa stendi mliofunga vibanda mje kumzika, na wateja mliovumilia simu zake.

Kaka, picha yako iliyoko hapa mbele tulimpelekea Consolata jana kabla ya kuichapisha, akaishika, akaitazama sana, akasema, "Ndiye." Usiirekebishe tena, pumzika kwa amani.