Nusu ya Kitanda cha Baba Mkwe

Jina la Mungu wetu lihimidiwe, ndugu zangu. Wazee, shikamooni. Mimi ni yule mkulima wa alizeti wa hapahapa Mtinko, wengi mnanijua kwa ubishi. Leo sikusimama kubisha. Nimesimama kwa sababu niko hai, na uhai huu unaniuma.

Ndugu zangu, nilikaa na ngiri miaka mingi nikiificha. Nikibeba gunia ikitokeza, nairudisha ndani kwa mkono, naendelea. Mke wangu Neema ndiye aliyenichongea kwa daktari wa zahanati, nikapewa barua ya kwenda kupasuliwa hospitali mjini.

Wodi ya upasuaji ya wanaume, wengine mmeiona. Watu wanatoka Ikungi, Iramba, Mkalama, wote wanategemea vitanda vilevile vichache. Wanalala wawili wawili, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Nesi akaniambia nina bahati, ipo nusu ya kitanda. Nikamfuata. Kwenye ile nusu nyingine alilala baba mkwe wangu, mzazi wa Neema, mzee wa Ihanja. Alikuwa anasubiri upasuaji wa tezi dume, amewekewa mpira wa mkojo.

Mnajua kwetu mkwe ni nani. Kiti chake sikalii, sahani yake sigusi. Nitalalaje nimemwelekezea miguu usoni?

"Sista, huyu ni mkwe wangu," nikasema.

"Kaka, mimi hapa sina habari za wakwe. Nina nusu ya kitanda."

Mzee akageukia ukutani, nadhani alitaka kunisitiri. Nikachukua mfuko wangu nikarudi nyumbani, najiona mtu mwenye adabu. Kumbe kilikuwa kiburi, ndugu zangu, nilikiita heshima.

Siku ya nne ngiri ikanasa. Nikatapika mpaka nikaishiwa nguvu, tumbo gumu, nalia mbele ya wanangu. Jirani akanikumbatia kwenye bodaboda mpaka hospitali. Daktari akasema utumbo umenasa, napasuliwa sasa hivi au nakufa. Nesi akauliza, akitoka kupasuliwa atalala wapi? Hata zile nusu zilikuwa zimekwisha, na mwenye kidonda kibichi cha tumbo halazwi sakafuni.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Baba mkwe alisikia jina langu likitajwa. Akashuka taratibu, mfuko wa mkojo ameushika mkononi, akatandika shuka lake chini.

"Mpeni mkwe wangu nafasi yangu," akasema. "Mimi chini nimezoea."

Nilipozinduka nilimwona pale sakafuni, anakohoa. Nilitaka kushuka, nyuzi zikanivuta. Nikasema, "Shikamoo, baba." Akaitikia, "Marahaba. Lala."

Ulikuwa msimu wa baridi, na upepo wa Singida mnaujua. Akashikwa na kichomi. Upasuaji wake ukaahirishwa mpaka kifua kipone. Hakikupona. Tulimzika Ihanja, na mimi nilikwenda nimeshikilia kidonda changu.

Ningeikubali ile nusu siku ya kwanza, ningepasuliwa kwa zamu yangu na yeye asingelala chini. Nilimwambia Neema hivyo. Akasema, "Baba alikupa mwenyewe," akaingia jikoni, nikamsikia akilia.

Ndugu zangu, Mungu ameniokoa na kifo, na ameniokoa na kile kiburi. Namshukuru kwa machozi, sina shukrani nyingine. Tuombe, na viongozi wetu tuwaulize habari za vitanda bila kuchoka, maana mkoa mzima hauwezi kubanana pale. Na wewe uliyekaa humu unaficha ngiri, mtumaini Mungu, tukitoka nifuate nje, nitakupeleka mwenyewe. Ukipewa nusu ya kitanda, ukakuta nusu nyingine ina mkwe wako, mwamkie, panda, ulale. Mzee asishuke.