Mikdad Mgeni Kibwana, Aliyekuwa Njiani Kuwachukua Wazee Msata

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Masheikh wetu, wazee wetu, mama zetu mlioko ndani na akina baba mlioko chini ya turubai, majirani, mafundi na madereva mliotoka Dar es Salaam, Chalinze na Msata, shikamooni wote mnaostahili shikamoo, na mlio rika langu, poleni. Naitwa Adila Mgeni, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, na kwa kuwa familia inasema mimi ndiye mwenye mdomo, kwamba midahalo ya chuo imenifundisha kusema, nimepewa kazi ya kusoma historia ya kaka yangu leo tunapomaliza hitma, na nimepewa pia maelekezo kwamba mambo ya gari niyapite juu juu, niseme tu alipenda mbio na mbio zimemchukua, dua isomwe, watu wale, watawanyike. Nimewaheshimu walionielekeza, lakini nimeshindwa, kwa sababu tangu tumzike juzi neno hilo moja, kwamba amekufa mbioni, limeshaanza kufanya kazi humu ndani, linamnyooshea kidole mkewe Mwanvita kwamba yeye ndiye aliyemchochea, na kwa neno hilo hilo inapangwa kwamba watoto wake wawili wahamishiwe Kiwangwa, kwa wazee wa ukoo, wakalelewe mbali na mama mwenye akili za mbio, na Mwanvita mwenyewe yuko chumba cha nyuma, amekaa eda, hawezi kutoka kuja kujitetea mbele yenu, anayasikia yote haya kupitia dirishani. Kwa hiyo historia nitaisoma yote, na hapo penye gari ndipo nitakapokwenda polepole.

Marehemu Mikdad alizaliwa tarehe 3 Agosti 1990 hapa hapa Bagamoyo, mtaa wa Magomeni, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Mgeni Kibwana na Bi Fatu binti Yusuf, na mtoto wao wa kiume wa pekee, na hilo la kuwa wa kwanza na wa pekee lilimkalia mabegani kabla hajajua kutembea, maana bibi yetu alipompakata tu alisema huyu ndiye wa kutubeba, na wallahi alitubeba.

Elimu ya msingi aliipata hapa mjini kuanzia mwaka 1998 hadi 2004, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2008, na mwalimu wake wa fizikia, ambaye namwona ameketi pale karibu na nguzo, atamkumbuka kwa swali lake la kwa nini moshi wa gari unatupwa wakati bado una nguvu, akajibiwa, "Kaa chini Mikdad, moshi hauna mshahara," darasa zima likacheka na yeye akacheka zaidi ya wote. Mwaka 2009 alijiunga na chuo cha ufundi Dar es Salaam kusomea ufundi wa magari, baba yetu akafariki mwaka uliofuata, na kuanzia hapo kila Ijumaa alikuwa anarudi Bagamoyo kuendesha pikapu ya marehemu baba, kumpeleka huyu kliniki, kumrudisha yule shamba, akahitimu mwaka 2011 akiwa fundi kamili na dereva kamili wa ukoo mzima wa Kibwana.

Alianza kazi mwaka huo huo katika gereji ndogo nyuma ya duka la spea la rafiki yake Naveed Rajabali, na mwaka 2015 aliitwa Arusha kuwa fundi wa timu moja ya rali, akafunga begi, akaaga, kikao cha familia kikakaa sebuleni hapo ndani na swali likawa moja tu, "Sasa ukienda, sisi nani atatupeleka?" Hakuna aliyemkataza, nataka niwe mkweli, hakuna aliyesema usiende, walimuuliza tu, na begi lile lilifunguliwa kesho yake asubuhi, na sijawahi kumsikia akilitaja tena jina la Arusha.

Mwaka 2017 yeye na Naveed walipata Subaru ya turbo iliyokuwa imegongwa ubavuni, wakaifufua, na kwa wasiofahamu, turbo ni kifaa kinachotumia ule ule moshi usio na mshahara kusukuma hewa nyingi iingie kwenye injini, msukumo huo mafundi wanauita busti, ukiupandisha gari linakuwa na hasira, ukiushusha linakuwa na adabu. Watu wengi mnadhani gari la mbio ni gari la kukimbia, basi, lakini mbio haziko za aina moja, na kazi ya kaka yangu, iliyowaleta leo vijana wote hawa mnaowaona na kofia zao, ilikuwa kulifanya gari moja liwe na tabia tatu. Kulikuwa na mbio za vumbi kwenye barabara za mashamba ya mananasi kule Kiwangwa, na kwa hizo alilinyanyua gari kwa springi ndefu na shokapu laini, akalivisha matairi yenye kashata kubwa za kung'ata udongo, akashusha busti ili injini isichemke. Kulikuwa na mbio za koni kwenye yadi ya malori Msata, za kukata kona katikati ya koni bila kuigusa hata moja, na kwa hizo alilishusha chini, akakaza nyuma ili mkia ugeuke upesi, na busti hakuitaka kubwa, aliitaka iwahi. Na kulikuwa na mbio za kunyooka, magari mawili mawili kwenye lami iliyofungwa kwa kibali, na kwa hizo alitoa viti vyote abaki na cha dereva tu ili gari liwe jepesi, akapandisha busti hadi juu, akafunga matairi laini, vipara, yasiyo na kashata hata moja, ambayo kwenye lami kavu yanashika kama gundi na kwenye lami yenye maji hayashiki kitu. Hapo naomba mnielewe vizuri, kwa sababu nitapahitaji.

Mbio za nne hazikuwa na kombe, zilikuwa zetu sisi, kliniki, harusi, misiba, mahafali yangu mimi mwenyewe, na pikapu ya baba ilipokufa kabisa ilibidi Subaru ile ile, kila tukipiga simu, irudishiwe viti, ibadilishwe matairi, ishushwe busti, iwe na adabu, ije. Naveed alizoea kumtania, "Mikdad bhai, gari lako limeoa wake wanne," na Mikdad akamjibu, akiwa chini ya gari, miguu tu inaonekana, "Watatu wana zamu zao, huyu wa nne hana zamu, anabisha hodi siku yoyote," na mama akiwepo alicheka, mimi nilicheka, wote tulicheka, tukaendelea kupiga simu.

Marehemu alifunga ndoa na Mwanvita tarehe 24 Desemba 2016, na Mwenyezi Mungu akawajaalia watoto wawili, Yusuf, aliyezaliwa mwaka 2018, na Lulu, aliyezaliwa mwaka 2021. Kwa kuwa Mwanvita ndiye anayesemwa, nitamsema na mimi. Mara ya kwanza alipopanda kwenye mbio za vumbi ili amsomee mumewe njia alipiga kelele, "Mikdad punguza, ama nishushe!" na kabla ya kona ya tatu akamuuliza, "Sasa mbona umepunguza?" na kuanzia siku hiyo ndiye aliyekaa kiti cha kushoto, akimwambia kulia kali, mbele shimo, mti, shika breki, na mtu ambaye kazi yake garini ilikuwa kumwambia dereva shika breki, leo anaambiwa ndiye aliyemsukuma. Hoja hiyo ningeisikia chuoni ningeomba irudiwe, nikidhani nimesikia vibaya.

Marehemu hakuwa na ugonjwa wowote. Jumamosi tarehe 11 Aprili 2026 alishinda gerejini akiliandaa gari kwa mbio za kunyooka za Jumapili, viti vimetolewa, busti iko juu, vipara vimefungwa, mvua ya masika inanyesha, Mwanvita amempelekea chakula cha mchana, Naveed yupo dukani. Saa nane ilipigwa simu kutoka Msata, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na grisi aliipokea kwa spika, ndiyo maana walioyasikia maneno hayo ni watatu. Aliyepiga alikuwa baba yetu mdogo, mzee Ridhiwani Kibwana, ambaye pamoja na wazee wenzake watatu walikuwa wameteremshwa Msata baada ya basi lao kuharibika wakitokea Chalinze, na mzee wetu mmoja alikuwa azikwe Kiwangwa baada ya Alasiri. Alisema, "Mikdad, tuko Msata hapa, njoo utuchukue." Mikdad akasema, "Shikamoo baba mdogo, gari liko kwenye seti ya kesho, tairi ni vipara na mvua inanyesha, nipe saa moja nilibadilishe." Akajibiwa, "Seti gani tena? Gari ni gari, mwanangu, washa uje." Akaomba nusu saa. Akaambiwa, "Unataka tufike tukute kaburi limeshafukiwa?" na simu ikakatika.

Gari ni gari. Sote tunaokaa mjini hapa tumeshayasema maneno hayo, tunayasema tukitaka lifti, tunayasema tukiona fundi anajivuta, hayana ubaya kwenye mdomo wa mtu anayejua kwamba gari lina usukani na magurudumu manne na hana sababu ya kujua zaidi. Kirikuu cha Naveed, kile kigari chake cha mizigo, kilikuwa kimepeleka mzigo Dar es Salaam, hivyo gari lilikuwa hilo hilo moja. Mwanvita alimwambia, "Usiende na hizo tairi, waambie wakodi hata Noah," naye akamjibu, "Mke wangu, unanijua na unawajua, nikikosa maziko haya nitaambiwa mpaka nizikwe mimi." Muda aliokuwa nao ulitosha kazi moja, viti au matairi, na alifunga viti, kwa sababu wazee wanne hawawezi kukalishwa kwenye bati tupu, akashusha na busti, akaondoka na vipara vyake.

Kabla hajafika Msata, kwenye kona yenye maji yaliyosimama, gari lilimtoka, likaingia shambani na kugonga mkorosho ubavuni kwa dereva. Hapakuwa na gari jingine. Dereva wa lori aliyekuwa nyuma yake, ndiye aliyemtoa, na yupo hapa leo, ameniambia kwamba kijana alikuwa anakwenda taratibu mno, hata yeye na mzigo wake alitaka kumpita. Sasa mimi nauliza, mtu aliyekufa mbioni anakuwa na anayeshindana naye, huyu alishindana na nani, alishindana na saa ya maziko, na mashindano hayo hakuyaandikisha yeye. Alikimbizwa hospitali, akahamishiwa Dar es Salaam, akapasuliwa, akafumbua macho Jumapili jioni na kumuuliza Mwanvita kama wazee walifika, tukamwambia walifika, ingawa hawakufika, na alfajiri ya Jumanne tarehe 14 Aprili 2026 Mwenyezi Mungu akachukua amana yake. Tulimzika hapa Bagamoyo siku hiyo hiyo, sisi tuliozoea kumsubiri atupeleke, tukapelekwa na magari ya watu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali zote mbili, ambao hawakutuficha kitu na hawakututisha, namshukuru dereva wa lori aliyevua shati lake kufunga jeraha la mtu asiyemjua, nawashukuru majirani wa Magomeni kwa maji, kuni, mikeka na masufuria, namshukuru Naveed na familia yake waliofunga duka tangu Jumamosi, nawashukuru mafundi na madereva wenzake walioacha mbio zao za Jumapili wakaja kukaa nje ya wodi, na walimu wa madrasa waliosimamia hitma hii.

Simshitaki mtu. Baba mdogo Ridhiwani alimpenda Mikdad kuliko sisi dada zake, kila mtu anajua, naye siku ile alikuwa amebanwa, ana wazee mvuani na maiti inayosubiri, kama Mikdad alivyobanwa na yeye, na ukoo huu wote tumebanana hivi hivi tangu nizaliwe, hakuna anayeweza kusema subiri. Ninachokiomba ni kidogo, kwamba isemwe hapa, kwa sauti ya mwanamume, na mtu ambaye wazee wa Kiwangwa hawatambishia, Mikdad alikuwa anakwenda wapi, na nani alimwita, ili Yusuf na Lulu walale usiku wa leo kwenye kitanda chao, kwa mama yao, na mama yao amalize eda yake kama mjane na si kama mtuhumiwa.

Pumzika, kaka Mikdad. Hakuna atakayekupigia tena, hakuna wa kuchukuliwa Msata wala wa kurudishwa Chalinze, jinyooshe ulale, Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako kwa kadiri tulivyokubana sisi.

Baba mdogo, shikamoo. Waya wa maiki hii ni mrefu, unafika hapo ulipokaa. Tunakusikiliza.